Maji ya Saa Moja

Uvumi ule ulimganda Agneta kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Aliusikia Jumatano asubuhi ndani ya basi la wafanyakazi, wakitoka Al Qusais kwenda Al Barsha ambako alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli, na kufikia Ijumaa ulikuwa bado unamnyonya damu. Aliyeuleta ni Shafik, Mganda mpole aliyekuwa akilinda lango la hoteli. Kabla ya kuletwa hapo, Shafik alikuwa amelinda kiwanja kimoja cha mpira kwa miezi minane, kiwanja kile kile ambacho Mercyline, binti wa Agneta, angekwenda kupigia picha Jumamosi.

"Nyabo, nakwambia ukweli," Shafik alisema, akimwita kwa heshima ya kwao. "Kile kiwanja kinatema maji. Saa moja jioni, kamili, kama kengele ya kanisa. Yanatoka chini ya nyasi yenyewe, hakuna mtu anayefungulia. Mimi nimeona refa akikimbia na filimbi mdomoni."

Basi zima liliangua kicheko. Loise wa dobi alisema kwamba Shafik akikaa siku mbili bila kudanganya anapata homa. Mwingine akauliza kama maji hayo huja na sabuni. Shafik naye akacheka pamoja nao, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka, na hapo ndipo habari yake ilipoharibika. Habari ikichekwa na mwenyewe, nani tena ataibeba?

Agneta aliibeba. Wahenga wetu walinena kwamba lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hawakumaanisha kwamba kila umbea ni wa kumezwa bila kutafunwa. Walimaanisha kwamba neno likishafika sikioni, mwenye busara hulichunguza kabla ya kulitupa, maana huenda ndani yake mna chembe ya kweli, na chembe hiyo ndiyo itakayokutoa jicho.

Mercyline alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa amemfuata mama yake Dubai miaka miwili iliyopita, na walikaa pamoja katika chumba cha vitanda sita, mama kitanda cha chini, binti cha juu. Alifanya kazi katika studio ya picha ya Madam Sharifah, mama wa Kizanzibari ambaye babu yake alihamia Ghuba zamani, na ambaye mpaka leo alizungumza Kiswahili cha Unguja kana kwamba jana tu alikuwa sokoni Darajani. Kazi ya Mercyline ilikuwa ya kaunta. Kutwa aliwapiga watu picha za pasipoti. Inua kidevu. Usicheke. Masikio yaonekane. Moyo wake ulikuwa nje, kwenye jua, kwenye vitu vinavyokimbia.

Juma hilo mpiga picha wa nje, Sammy, alikuwa amekwenda likizo kwao Nyeri. Madam Sharifah akamwita Mercyline, akamkabidhi kamera kubwa yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima, pamoja na kamera ndogo ya akiba.

"Vyuo viwili vinacheza fainali Jumamosi, mwanangu," alimwambia. "Wa kijani na wa manjano. Watakaoshinda wanataka picha moja kubwa ya kutundika ukutani kwao. Ukiniletea picha hiyo, Jumatatu unatoka kaunta, unakuwa mpiga picha wa nje. Ukirudi mikono mitupu, utaendelea kuwaambia watu wainue videvu. Umenisikia weye?"

Mercyline alirudi nyumbani akiwa haukanyagi mchanga. Hata wali wa jioni ile hakuumaliza. Ijumaa baada ya kazi, akiwa anafuta lenzi kwa kitambaa laini, mama yake akalitoa lililokuwa likimkereketa kooni.

"Mercy, umesikia habari za maji ya kile kiwanja?"

"Mama, hiyo ni ya Shafik. Si ni huyo huyo aliyesema treni za huku hazina dereva?"

"Alisema hivyo, mkamcheka. Kisha mkapanda metro, mkaenda mbele kabisa kuangalia. Mlikuta dereva?"

Mercyline akatabasamu. "Hiyo ilikuwa bahati yake."

Agneta akafungua mkoba, akatoa kofia nne za plastiki za kuogea, zile nyembamba zenye mpira ukingoni. Wageni walikuwa wameziacha vyumbani bila kuzivaa, na msimamizi wake alikuwa ameruhusu zichukuliwe. "Weka hizi kwenye begi la kamera. Maji yakija, unaivika tu, kama kichwa cha mtu."

"Kofia za bafuni?" Mercyline alizitazama kama mtu aliyeletewa panya. "Mama, nitakaa kando ya uwanja na watu wenye lenzi za maana, halafu niivike kamera ya Madam kofia ya bafuni? Wataniona mshamba."

"Afadhali mshamba mkavu."

Binti alicheka, akambusu mama yake shavuni, akaziweka zile kofia juu ya mto na kufunga begi bila hizo. Asubuhi Agneta alizikuta pale pale. Akazikunja, akazitia mfukoni mwa gauni lake.

Jumamosi ilikuwa siku yake ya mapumziko, hivyo alikwenda na binti yake ili ambebee begi. Mpira ulikuwa uanze saa kumi alasiri. Walipofika, Agneta alishikwa na butwaa. Pande zote kulikuwa na mchanga, magodauni na barabara, na katikati ya ukavu huo nyasi zilikuwa kijani mpaka macho yanauma. Akajiuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kulima angejiuliza: nyasi hizi zinanyweshwa na nani, na saa ngapi?

Mercyline alipewa kizibao cha rangi ya chungwa cha wapiga picha. Akachagua pahali pake nyuma ya mstari wa goli, karibu na kibendera cha kona, akaweka kigoda chake cha kukunja. Kigoda kilikuwa kinayumba. Akakisogeza mpaka kikakaa sawasawa juu ya kifuniko kidogo cheusi cha mviringo kilichozama kwenye nyasi. Agneta, aliyekuwa amekaa hatua tatu nyuma kwenye kamba ya watazamaji, alikiona kile kifuniko. Kisha akaona kingine mbele yake. Kisha kingine. Vilipangwa kuzunguka uwanja wote kama vifungo vya shati.

"Kijana wangu, hivi ni vitu gani?" alimuuliza mpiga picha aliyekaa jirani na Mercyline. Huyu aliitwa Cyrus, kijana wa Nakuru aliyefanyia kazi studio nyingine, mwenye kamera mbili shingoni na maneno mengi kuliko picha.

"Hivyo ni vya nyaya za taa, mathe. Wewe tulia uangalie mpira."

Agneta hakutulia. Alimfuata msimamizi wa kiwanja, mzee mmoja mwenye funguo nyingi kiunoni, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha hotelini kama ni kweli maji hutoka ardhini. Yule mzee akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo, maji hufunguka yenyewe saa moja jioni, kila siku. Lakini mpira ungekwisha kabla ya saa kumi na mbili, basi mama asiwe na wasiwasi.

Agneta alirudi mbio, gauni limemkaba miguu. "Mercy, ni kweli. Ni saa moja. Mwenye kiwanja amesema mwenyewe."

"Na mpira unaisha saa ngapi?"

"Kabla ya saa kumi na mbili."

"Basi tatizo liko wapi, Mama?" Mercyline alishusha sauti, kwa kuwa Cyrus alikuwa ametega sikio. "Tafadhali. Leo usinitie aibu mbele ya watu."

Neno hilo lilimchoma Agneta kama mwiba wa kwenye kidole. Akakaa. Lakini binti alipokwenda kupiga picha za manahodha wakipeana mikono, mama alifungua begi, akaivika kamera ndogo ya akiba kofia moja, akalifunga tena begi kimya kimya.

Sasa tazama jinsi saa zinavyopotea. Basi la chuo cha manjano lilikwama kwenye foleni, na mpira ukaanza saa kumi na dakika arobaini. Hakuna aliyejali, maana ulipoanza, ulianza kama moto wa kichakani. Winga wa kijani aliwachambua mabeki wawili kama karanga na kupiga krosi, kichwa, wavu ukatikisika. Mercyline alikuwa ameuma ulimi, kidole kwenye kitufe, kamera ikilia tak-tak-tak-tak. Hata Agneta, ambaye maishani mwake hakuwahi kujua refa hupuliza filimbi kwa sababu gani, alijikuta amesimama. Manjano wakajibu dakika ya arobaini kwa mkwaju wa mbali uliogonga mwamba, ukadunda mgongoni mwa kipa, ukaingia. Moja kwa moja. Ngoma za wanafunzi zililia mpaka kifua kikatetemeka.

Mapumziko yalipofika, adhana ya magharibi ikasikika. Wachezaji Waislamu na refa mwenyewe wakaenda kuswali, na watu wakasubiri kwa heshima kama ilivyo desturi ya mji ule. Ilipita nusu saa. Jua lilizama, taa kubwa zikawaka, na Agneta akaanza kuhesabu kwa vidole. Dakika arobaini na tano za kipindi cha pili. Kisha nini? Akamwendea tena yule mzee wa funguo, aliyekuwa akitoka kuswali.

"Sir, mpira umechelewa. Na maji?"

"Nitazima, mama. Nitazima, inshallah."

Inshallah ni neno zuri la kumwachia Mungu yaliyo yake. Lakini Agneta alikuwa Dubai mwaka wa tisa sasa, na alishajua kwamba wako watu wanaomwachia Mungu hata swichi.

Kipindi cha pili kilikuwa cha kukata pumzi. Manjano walishambulia kama siafu. Kipa wa kijani, kijana mrefu wa Kiganda aliyeitwa Nuwa, aliruka huku, akaruka kule, akalala chini, akainuka na nyasi mdomoni. Kila akidaka, wenzake waliimba jina lake. Nu-wa, Nu-wa, Nu-wa. Mercyline alikuwa amepagawa kwa furaha. "Mama, unaona huyu?" aliita bila kugeuka. "Huyu ndiye picha yangu!" Agneta aliona, lakini jicho lake moja lilikuwa kwenye saa kubwa ya ubaoni. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili, filimbi ya mwisho. Moja kwa moja bado. Ikatangazwa mikwaju ya penalti, na lango lililochaguliwa ni lile lile ambalo Mercyline alikuwa amekaa nyuma yake. Angeliomba nini zaidi?

Wakapiga. Manjano wakafunga, kijani wakafunga. Kila mpigaji alichukua muda wake, wengine wakifunga kamba za viatu, wengine wakiomba dua. Mikwaju mitano kwa mitano ikaisha, kila upande umekosa mmoja. Dakika hamsini na tano. Agneta alimtafuta yule mzee kwa macho, akamwona upande wa pili, amesimama mbele ya kijumba cha mashine ya maji akijaribu funguo moja baada ya nyingine mlangoni. Hakuna iliyoingia.

Alitaka kupaza sauti. Kinywa kilifunguka kabisa. Kisha akaikumbuka sauti ya binti yake, usinitie aibu, akaona watu mia kadhaa wamekaa kimya kama wako kwenye mazishi, na kinywa kikafumba. Mpaka leo kile kimya humuuma kuliko yote.

Mkwaju wa sita wa manjano. Nuwa akajirusha kushoto, akaupangua kwa ncha za vidole. Uwanja ulilipuka. Kabla kelele hazijatulia, Nuwa mwenyewe aliokota mpira, akauweka kwenye alama. Kipa anapiga. Akifunga, kijani ni mabingwa. Mercyline alisogea kwenye ncha ya kigoda, akaegemeza lenzi ndefu, akashusha pumzi. Hapa ndipo kaunta ilipoachana naye, hapa ndipo videvu vyote vya pasipoti vilipokuwa vinamuaga.

Nuwa akarudi nyuma hatua sita. Akaanza kukimbia. Ardhi ikafanya ssss.

Kifuniko kilichokuwa chini ya kigoda kiliruka kama kizibo cha soda iliyotikiswa. Kigoda kilipinduka na Mercyline juu yake, na nguzo ya maji ikampiga usoni, ikaipiga lenzi, ikaingia kwenye kila tundu la kamera ya Madam Sharifah. Pande zote za uwanja chemchemi zilichomoka na kuzunguka, zikiwapiga watu mijeledi ya maji. Mashabiki walikimbia. Wapiga ngoma walivaa ngoma kichwani. Cyrus alikuwa amekumbatia kamera zake mbili kama mapacha, akizunguka mahali pamoja bila kujua aelekee wapi, na kila alikogeuka maji yalimkuta.

Lakini mpira ulikuwa umeshapigwa. Ulipita kwenye mvua ile ukiacha mkia mweupe, ukazama pembeni mwa wavu.

"Mama, imekufa," Mercyline alisema akiwa amepiga magoti. Alibonyeza kitufe, akabonyeza tena. Kioo cha kamera kilikuwa cheusi tii. "Mama, imekufa mkononi mwangu."

Agneta alikuwa ameshafika. Alimwekea mkononi ile kamera ndogo, yenye kofia ya bafuni kichwani. "Hii ni kavu. Yalla, piga."

Mercyline aliipokea. Aliisukuma kofia nyuma lenzi itokeze, akafuta macho kwa kiwiko, akainua. Na hapo Nuwa akaja, akikimbia moja kwa moja upande wao, ametanua mikono, amefumba macho, kinywa wazi kama mtoto anayekunywa mvua. Maji yalikuwa yakimzunguka kwenye mwanga wa taa kama vumbi la fedha. Aliteleza kwa magoti mpaka miguuni pao. Tak. Tak. Tak.

Ilikuwa picha ambayo mtu hupata mara moja. Mama na binti waliitazama kwenye kioo kidogo, wameloa chapachapa, wakicheka na kutetemeka pamoja, mpaka Cyrus alipokuja akikokota viatu vilivyojaa maji.

"Mathe," alisema kwa sauti ndogo, "imebaki kofia moja?"

Agneta alimpa mbili.

Jumatatu Mercyline alisimama mbele ya Madam Sharifah akiwa na picha mkono mmoja na kamera mfu mkono mwingine. Madam aliiangalia picha kwa muda mrefu. Kisha akaiinamisha kamera kubwa, na tone la maji likadondoka mezani.

"Picha hii sijapata kuiona mfano wake," alisema. "Chuo washanipigia simu, wanaitaka ukubwa wa mlango. Na kamera umeniogeshea. Hebu niambie kweli, mwanangu. Ulikuwa hujaambiwa?"

Ingekuwa rahisi kumtupia lawama yule mzee wa funguo. Mercyline alitazama sakafu, kisha akainua kidevu mwenyewe, bila kuambiwa.

"Niliambiwa, Madam. Mama yangu aliniambia mara mbili. Nilimcheka."

Madam Sharifah alipumua. "Kamera nitaipeleka kwa fundi. Lenzi nayo huenda ikafa, huenda ikapona. Lakini sikio, mwanangu, sikio fundi wake simjui. Utarudi kaunta mpaka kamera ipone. Ikipona, na wewe uwe umepona, utatoka."

Hivyo picha ya Nuwa ilitundikwa kwenye dirisha la studio, na wapita njia husimama kuishangaa, huku aliyeipiga yuko ndani chini yake, akiwaambia watu wainue videvu. Wengine humuuliza ni nani aliyeipiga. Husema ni yeye. Hawamwamini, na yeye hawalaumu.

Siku hizi, mama akileta habari ya Shafik kutoka kwenye basi, Mercyline hufunga simu yake na kusikiliza mpaka mwisho.

Basi, wewe kijana unayesoma, au wewe mzazi mwenye kijana, haya ndiyo ya kuepuka:

Usiitupe habari kwa sababu aliyeileta hupenda mzaha.

Usikae juu ya kitu usichojua kazi yake.

Usiamini kwamba jambo litaanza saa lilipoandikwa kuanza, wala kwamba litaisha saa lilipoandikwa kuisha.

Usipokee inshallah mahali ulipohitaji ufunguo.

Usione haya kuitwa mshamba.

Usimwambie mama yako asikutie aibu, maana siku moja atakutii.

Nawe mama, usinyamaze. Aibu hukauka upesi kuliko kamera.

Na kubwa kuliko yote, usimcheke anayekwambia chunga, kwa maana lisemwalo lipo, kama halipo laja.